Je, Wajua? Chunusi Haichagui Uso

Je, wajua kwamba wakati unasoma mstari huu, karibu mtu 1 kati ya kila 10 duniani ana chunusi? Ni asilimia 9.4 ya wanadamu wote, na hesabu hiyo imeipa chunusi nafasi ya 8 kati ya maradhi yaliyoenea zaidi ulimwenguni. Hao ni watu zaidi ya milioni 600!

Ukija kwa vijana ndipo utashika mdomo. Kuanzia miaka 12 hadi 24, vijana 85 kati ya 100 hupata chunusi, ziwe nyingi au chache. Chukua darasa la wanafunzi 40: wapatao 34 wanazo, au zinakuja. Sasa niambie, nani wa kumcheka mwenzake?

Marekani peke yake ina watu wapatao milioni 50 wanaosumbuliwa na chunusi kila mwaka. Katika sensa ya Kenya ya mwaka 2019, Wakenya wote, toka kichanga hadi kikongwe, walikuwa milioni 47.6. Yaani wenye chunusi wa nchi moja wanaipita Kenya nzima!

Ulidhani ni ya vijana peke yao? Hata kichanga aliyezaliwa majuzi anaweza kutokwa na vipele vya aina hiyo usoni katika wiki zake za kwanza, na huwapata watoto wapatao 20 kati ya 100. Mama, usimpake kitu. Huondoka vyenyewe.

Na upande wa pili wa umri? Huko Birmingham, Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Alabama waliwahoji watu wazima zaidi ya 1,000 na kutoa majibu mwaka 2008. Wanawake wa miaka ya ishirini, asilimia 50.9 walikuwa na chunusi. Wa miaka ya thelathini, asilimia 35.2, na waliofika 50 na kuendelea bado walikuwa asilimia 15.3! Kwa hiyo shangazi yako wa miaka 52 akilalamika kwamba uso umemharibikia, mwamini.

Wavulana huumwa vibaya zaidi wakati wa kubalehe. Ukubwani mambo hugeuka, na wanawake ndio wanaoongoza.

Hebu geuza kiganja chako ukitazame. Hapo hutaota chunusi hata uishi miaka 100! Viganja na nyayo hazina tezi za mafuta hata moja, na pasipo tezi ya mafuta hapana chunusi.

Uso je? Ah, uso umejaliwa. Eneo dogo kama ukucha wako linaweza kubeba tezi za mafuta kati ya 400 na 900. Ndiyo maana kati ya wenye chunusi 100, 99 wanazo usoni, 60 wanazo mgongoni, na 15 tu ndio wanazo kifuani.

Na tezi hizo zinavyofanya kazi ni ajabu tupu. Seli nzima hujaa mafuta mpaka inapasuka na kufa, na mabaki yake ndiyo yanayolainisha ngozi. Ule mng'aro wa paji la uso wako saa saba mchana umetokana na seli zilizojitoa mhanga!

Umewahi kuuona ule utando mweupe unaomfunika mtoto anapozaliwa? Kwa sehemu kubwa umetoka kwenye tezi hizihizi. Mtoto akishazaliwa tezi hunywea, zikalala miaka kadhaa, kisha zikaanza kuamka akiwa na miaka 7 au 8, kabla sauti haijakwaruza wala kifua hakijachomoza. Anayeziamsha ni homoni kutoka tezi nyingine, zilizoketi juu ya figo.

Sasa sikia hii, maana hapa ndipo watu wengi tunapodanganyika. Chunusi uliyoikuta kwenye kioo asubuhi ya leo huenda ilianza kujijenga chini kwa chini wiki 8 zilizopita! Karanga ulizotafuna jana usiku hazina kesi ya kujibu.

Na hujengwa na wanne wanaoshirikiana. Kwanza mafuta huzidi. Pili, seli zilizokufa hushikana na kuziba kitundu cha ngozi. Tatu, bakteria hunenepa humo ndani, na nne, mwili wenyewe huja juu kujitetea, ngozi ikavimba, ikawa nyekundu au nyeusi, ikauma. Usaha unaouona ni alama ya vita hiyo.

Umeziona zile chunusi zenye kichwa cheusi puani? Ule weusi si uchafu! Ni melanini, rangi ileile inayoipa ngozi yako weusi wake, pamoja na mafuta yaliyobadilika rangi baada ya kukutana na hewa. Unaweza kusugua kwa dodoki mpaka ngozi ilie, na weusi usiondoke.

Huyo bakteria anaitwa Cutibacterium acnes, na nina habari yako: unaye. Mimi ninaye. Yule dada wa kwenye tangazo la sabuni, mwenye ngozi nyororo kama yai, anaye pia! Hula mafuta ya ngozi, haipendi oksijeni, kwa hiyo hujificha ndani kabisa ya kitundu ambako hewa ni haba.

Ndiyo kusema chunusi haiambukizi. Kumshika mkono mwenye chunusi, kulala naye kitanda kimoja bwenini, kumbusu shavuni: hupati kitu ambacho huna tayari.

Je, wajua vitamini nayo inaweza kumchokoza bakteria huyo? Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwadunga watu 10 wenye ngozi safi sindano ya vitamini B12. Wiki moja baadaye, mmoja wao alikuwa na chunusi!

Mtaani utaambiwa chunusi ni dalili ya kukosa mwenza, eti ukioa zitakwisha. Si kweli hata kidogo, na maneno hayo yamewaumiza vijana wengi bure. Rudi kwenye hesabu za wale wanawake wa miaka thelathini na kitu, kisha jiulize ni wangapi kati yao walikuwa wameolewa.

Ukweli wenyewe uko kwenye homoni. Mwaka 1941 mwanasayansi wa Marekani James Hamilton alionyesha kwamba wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawakuwa na chunusi. Walipopewa homoni ya kiume, testosteroni, zikaanza kuota! Na usisahau, dada: wanawake nao wana testosteroni, ila kidogo, na kwa wengi chunusi hupamba moto siku chache kabla ya hedhi.

Na baba na mama je, wanahusika? Wanahusika sana! Uingereza waliwachunguza pacha, jozi 458 za wanaofanana kabisa na jozi 1,099 za wasiofanana, na wakakuta kwamba asilimia 81 ya tofauti kati ya mtu na mtu katika chunusi inatokana na urithi. Ukitaka kujua kwa nini wewe unazo na jirani yako hana, anza na picha za zamani za wazazi wako.

Joto la ngozi likipanda kwa nyuzi 1 tu, mafuta yanayotoka huongezeka kwa asilimia 10 hivi. Dar es Salaam, Mombasa na Unguja, mnanisikia?

Tuje kwenye chakula, maana najua ndicho unachokisubiri. Mwaka 1969 watafiti watatu wa Marekani waliwapa watu 65 wenye chunusi vipande vya chokoleti kwa wiki kadhaa, halafu vipande vya bandia visivyo na kakao. Tofauti? Hakuna! Basi kwa miaka mingi madaktari wakafundishwa kwamba chakula hakihusiani na chunusi. Lakini kile kipande cha bandia kilikuwa na sukari na mafuta karibu sawa na chokoleti yenyewe. Kesi ikafunguliwa upya.

Ikafunguliwa wapi? Kisiwani! Kitava ni kisiwa kidogo cha Papua New Guinea, na mwaka 2002 ilichapishwa taarifa ya wenyeji 1,200 waliokaguliwa ngozi huko, 300 kati yao wakiwa vijana wa miaka 15 hadi 25. Chunusi zilizopatikana ni 0. Sifuri! Nenda Paraguay, kwenye misitu ya kabila la Ache: watu 115, wakafuatiliwa kwa siku 843, na huko nako sifuri.

Wanakula nini Kitava? Viazi vitamu, magimbi, viazi vikuu, matunda, samaki na nazi. Msomaji wa Pemba au Lamu, si unakitambua chakula hicho? Ambacho hawakuwa nacho ni soda, biskuti, mkate mweupe na sukari ya dukani. Damu yao huenda nayo inawasaidia, lakini orodha hiyo ya chakula inanifurahisha mno.

Mwaka 2007, Melbourne, Australia, wanaume 43 wa miaka 15 hadi 25 walijaribiwa kwa wiki 12. Waliopunguza sukari na vyakula vinavyopandisha sukari ya damu haraka walipungukiwa na vipele wastani wa 23.5. Walioendelea kula kama kawaida walipungukiwa na 12 tu.

Na maziwa? Wauguzi wanawake 47,355 wa Marekani waliulizwa walikula nini enzi za sekondari, na majibu yakatolewa mwaka 2005. Waliokunywa maziwa mengi ndio walioripoti chunusi kali zaidi. Cha ajabu, uhusiano ulikuwa na nguvu hasa kwa maziwa yaliyoondolewa mafuta! Aliyeongoza utafiti huo ni Mwafrika mwenzetu, Clement Adebamowo wa Nigeria.

Sasa tuingie kabatini kwako. Kuna kipimo cha mafuta yanayoziba vitundu vya ngozi, kuanzia 0 hadi 5, kilichopatikana kwa kuyapaka kwenye masikio ya sungura. Mafuta ya nazi yakapata 4! Najua nywele zinayapenda, lakini uso wenye chunusi una maoni mengine. Ile petroli jeli ya kopo, ambayo kila mtu huilaumu kwa utelezi wake? Kwa kipimo hichohicho ilionekana haizibi vitundu.

Je, wajua kuna chunusi za mafuta ya nywele? Zilielezwa na wataalamu mwaka 1970 baada ya kuonekana kwa Wamarekani weusi waliopaka kichwa mafuta mazito: vipele vimejipanga kwenye paji la uso na pembeni mwa panja, palepale mafuta yanapochuruzikia. Kaka, dada, ukiona zako zimepanga mstari chini ya nywele, unajua pa kuanzia.

Vile vivimbe vigumu vya kisogoni baada ya kunyoa? Hiyo si chunusi! Wala vipele vya ndevu si chunusi. Ni nywele zilizojikunja zikaingia tena ndani ya ngozi. Huwapata zaidi wenye nywele za kipilipili, na chanzo chake kiko kwenye wembe.

Na kuna vipele vidogo vinavyofanana vyote, vinawasha, vimetapakaa kwenye paji la uso au mgongoni penye jasho. Mara nyingi huyo ni kuvu, na dawa ya chunusi haimtishi. Kama zako zinawasha sana, mwulize daktari kuhusu hilo.

Mwaka 2003 watafiti wa Stanford waliwafuatilia wanafunzi 22 wakati wa kawaida na wakati wa mitihani. Kadiri wasiwasi ulivyopanda, ndivyo chunusi zilivyozidi. Mtahiniwa wa kidato cha nne, hujalogwa!

Msuguano nao una chunusi zake. Wachezaji wa futiboli ya Kimarekani huzipata kidevuni kwenye mkanda wa helmeti, na wapiga fidla huzipata shingoni wanapokiegemeza chombo chao. Dereva wa bodaboda, pitisha kidole kwenye kidevu chako.

Chunusi imewahi kuwashinda hata majeshi! Katika Vita Kuu ya Pili, na tena Vietnam, askari wa Marekani waliopelekwa nchi za joto na unyevu walitokwa na chunusi kali mgongoni na makalioni mpaka wengine wakaondolewa vitani. Bunduki mkononi, na aliyemrudisha nyumbani ni kipele.

Kuna chunusi ya sumu pia. Tarehe 10 Julai 1976 kiwanda cha kemikali karibu na Seveso, Italia, kilivujisha wingu lenye dioksini, na karibu watu 200, wengi wao watoto, wakaharibika ngozi kwa chunusi za kutisha. Mwaka 2004 sumu hiyohiyo ilimpata Viktor Yushchenko akigombea urais wa Ukraine. Damu yake ilikuwa na dioksini mara 50,000 ya kiwango cha kawaida, uso wake ukageuka mbele ya dunia nzima, na bado akashinda urais!

Hapa kwetu sumu huingia kwa hiari, na hili linaniuma. Mikorogo mingi na krimu za kung'arisha zina steroidi ndani yake. Wiki za mwanzo uso hulainika ukasifiwa, kisha steroidi yenyewe ikaotesha chunusi, na ukiiacha zikalipuka zaidi. Nyingine zina zebaki, ambayo Tanzania na Kenya zimeipiga marufuku kwenye vipodozi, na inaweza kuharibu figo. Tafadhali, usimpe mdogo wako kopo lisilo na maandishi.

Ngozi nyeusi ina jambo lake: chunusi ikishapona huacha doa jeusi, nalo linaweza kukaa miezi, hata zaidi ya mwaka! Wengi wanaolalamika chunusi haziishi wanatazama madoa tu. Ukiitumbua kwa kucha unaongeza doa, na pengine kovu la kudumu.

Na kama ni lazima utumbue, si kwenye eneo la kati ya pembe za mdomo na daraja la pua. Mishipa ya damu ya hapo inaungana na mishipa iliyo nyuma ya macho, karibu na ubongo. Ni nadra sana maambukizi kusafiri njia hiyo, lakini njia ipo.

Watu wamejaribu kila kitu! Marcellus wa Bordeaux, ofisa mkubwa wa Kaizari Theodosius wa Roma, aliandika dawa hii zaidi ya miaka 1,600 iliyopita: subiri nyota ianguke, na kabla haijazimika jifute chunusi kwa kitambaa. Usitumie mkono mtupu, alionya, zitahamia mkononi! Wewe uliyegeuza kiganja chako muda mfupi uliopita unajua kwamba kiganjani zisingepata pa kukaa.

Katika karne ya 20 madaktari walizichoma chunusi kwa miale ya eksirei. Zilikauka kweli. Miaka mingi baadaye baadhi ya waliotibiwa wakapata saratani ya tezi ya shingo na ya ngozi, na tiba hiyo ikaachwa.

Dawa zilizopo leo zinashangaza kwa namna njema. Benzoili peroksaidi hupeleka oksijeni kwenye maficho ya yule bakteria asiyeipenda, na hadi leo hajajua kuizoea! Ila tahadhari na taulo lako la rangi: dawa hiyo hulibabua likawa na mabaka meupe.

Mwaka 1979 daktari Gary Peck na wenzake walitangaza kwamba wamewapa isotretinoini wagonjwa 14 wenye chunusi sugu mno. Kati yao, 13 walisafika kabisa! Dawa hiyo ikaruhusiwa Marekani mwaka 1982, na inaweza kupunguza mafuta ya ngozi kwa asilimia 90. Lakini ni kali: mwanamke akiitumia akiwa mjamzito mtoto anaweza kuzaliwa na ulemavu mkubwa, kwa hiyo haichezewi wala haiazimwi kwa rafiki.

Dawa ya meno usoni? Inaunguza, haiponyi. Kunawa mara 2 kwa siku kwa maji na sabuni laini kunatosha, na dawa nyingi za kupaka huhitaji wiki 6 hadi 8 kabla hujaona tofauti. Wengi huiacha wiki ya 2 na kusema imeshindwa!

Je, wajua kwamba Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro, kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika tangu miaka ya 1990? Kipo kwenye viwanja vya hospitali ya KCMC. Wengi wa waliopita pale wamerudi kutibu kwenye wilaya ambazo hazikuwahi kuwa na mtaalamu wa ngozi hata mmoja.

Paka nao huota chunusi kidevuni, ukidhani ni uchafu wa chakula. Mkague wako leo.

Uliyepitia chunusi, hii ni yako. Mwaka 2016 watafiti wa King's College London waliwapima pacha 1,205 na kutazama telomea, zile ncha zinazolinda kromosomu na ambazo hufupika kadiri tunavyozeeka. Waliowahi kuwa na chunusi walikuwa na telomea ndefu zaidi! Huenda ndiyo sababu madaktari wa ngozi wameona tangu zamani kwamba nyuso za watu hao huchelewa kukunjamana.

Na ya mwisho shika benchi. Mwaka 2014 wanasayansi wa Italia walimkuta yule bakteria wetu wa chunusi akiishi ndani ya mizabibu! Walikadiria alihama kutoka kwa wanadamu miaka ipatayo 7,000 iliyopita, kwa mikono ya wakulima waliopogoa mizabibu, na sasa amebadilika hata hawezi tena kurudi kwetu. Wakampa jina la Zappae, kwa heshima ya mwanamuziki Frank Zappa.